Tasnifu ya Maziwa: Maisha ya George Beatson na Swali Alilotuachia

Tasnifu nyingi tunazoandika hapa chuoni huishia kabatini kwa msimamizi, zinasubiri vumbi. Tunaziandika tupate alama, tuvae joho, twende zetu. Ndiyo maana maisha ya George Thomas Beatson yamenishika kweli kweli. Huyu bwana aliandika tasnifu kuhusu jinsi titi linavyotengeneza maziwa. Basi, maziwa tu. Karibu miaka ishirini baadaye, mambo aliyoyaona wakati wa kuiandika yalimpeleka kwenye upasuaji mmoja ambao hadi leo madaktari wa saratani ya matiti wanautaja. Kule Glasgow kuna kituo kikubwa cha tiba ya saratani chenye jina lake. Huku kwetu, nje ya kitivo cha udaktari, ni wachache wanaomjua.

Alizaliwa mwaka 1848 huko Trincomalee, katika kisiwa ambacho leo ni Sri Lanka na enzi hizo kiliitwa Ceylon, koloni la Waingereza. Baba yake alikuwa daktari wa jeshi. Kijana alisoma Cambridge, halafu akaenda Edinburgh, Uskoti, na kumaliza udaktari mwaka 1874. Hapo Edinburgh alipata bahati ya kufanya kazi chini ya Joseph Lister, yule mpasuaji aliyewazoesha wenzake kutumia asidi ya kaboliki kuua vijidudu kwenye vidonda na vifaa. Kabla ya Lister, mgonjwa alikuwa anaweza kupona kisu akafa kwa usaha. Nalitaja hili mapema kwa sababu bila somo hilo Beatson asingethubutu baadaye kufungua tumbo la mtu aliyekwisha dhoofu kwa saratani.

Mwaka 1876 alipata kazi ambayo wengi wetu tungeiona ni ya kukaa bure. Aliajiriwa kumwangalia mgonjwa mmoja wa akili, huko mashambani Uskoti. Kazi haikuwa nzito na muda ulikuwepo wa kutosha, akaamua autumie kuandika tasnifu ya shahada yake ya juu ya udaktari. Mada hakuitafuta mbali. Shamba la jirani lilikuwa na kondoo, na msimu huo wana-kondoo walikuwa wanaachishwa kunyonya. Beatson akaanza kujiuliza: maziwa haya yanaanzaje, na yanakatikaje? Nani anayeyaamuru?

Katika kusoma kwake akakutana na jambo ambalo wafugaji wa nchi fulani walikuwa wanalijua muda mrefu, ila madaktari hawakuwa wamelitilia maanani. Wafugaji hao walikuwa wakimtoa ng'ombe ovari baada ya kuzaa, ili aendelee kukamuliwa kwa muda mrefu kuliko kawaida. Ovari ni vile viungo viwili vya jike vinavyotunza mayai ya uzazi, vimekaa ndani kabisa ya nyonga. Titi au kiwele kiko mbali navyo. Hakuna mshipa wa fahamu uliojulikana wakati ule wa kueleza uhusiano huo. Sasa kiungo kimoja kinawezaje kukiamuru kingine kilichoko mbali namna ile?

Leo tungejibu haraka haraka kwamba ni homoni, kwa sababu tumelikariri tangu kidato cha pili. Lakini mwaka 1876 hata neno lenyewe halikuwepo. Beatson alikuwa na ng'ombe, kondoo na swali, na swali lile akalibeba.

Akaona jambo la pili. Wakati wa kunyonyesha, seli za ndani ya titi huongezeka, zinajaza vijifereji, kisha zinageuka kuwa maziwa na kutoka. Kwenye saratani seli nazo huongezeka, ila hazigeuki kuwa kitu chochote; zinaongezeka tu na kuvamia sehemu nyingine. Alianza kushuku kwamba ovari, ambazo zilionekana kuwa na sauti kwenye maziwa, huenda zina sauti kwenye saratani pia. Maelezo yake ya kibiolojia hayakuwa sahihi yote, hilo tunalijua leo. Ila alikuwa amesimama mahali sahihi na anatazama upande sahihi, wakati wengi wa zama zake waliamini saratani inaletwa na kimelea fulani kinachoingia mwilini kutoka nje.

Alihamia Glasgow, akawa mpasuaji. Miaka ya 1890 akaanza kuongoza hospitali ya saratani ya mji ule. Mwezi Mei 1895 akaletewa mwanamke wa miaka 33, mwenye watoto. Alikuwa ameshakatwa titi, na saratani ilikuwa imerudi palepale kifuani, kwenye kovu na pembeni yake. Kwa utaratibu wa wakati ule hakukuwa na la kufanya tena. Kisu kilikuwa kimeshatumika, na ugonjwa umeenea kiasi kwamba kukata tena kusingesaidia.

Beatson akamweka chini yeye na mumewe, akawaeleza hali ilivyo bila kuwazungusha. Akawaambia lile alilokuwa analifikiria tangu siku za tasnifu, kwamba kuziondoa ovari huenda kukaigusa saratani iliyoko kifuani. Wakakubali. Tarehe 15 Juni 1895 akamfanyia upasuaji. Alimpa pia vidonge vya tezi ya thairoidi, kwa hiyo hata jaribio lenyewe halikuwa safi kama tunavyofundishwa kwenye somo la mbinu za utafiti. Lakini vile vinundu vya kifuani vikaanza kulainika na kupungua, na baada ya miezi minane vilikuwa vimetoweka vyote.

Mwaka 1896 Beatson alisimama mbele ya chama cha madaktari Edinburgh akaeleza kisa hicho, na mwezi Julai jarida la The Lancet likakichapisha. Hapa lazima tuwe wakweli: yule mama hakupona moja kwa moja. Saratani ilirudi tena, na alifariki takribani miaka minne baada ya upasuaji. Kwa mtu aliyekuwa ameambiwa hakuna la kufanya, miaka minne si mchezo. Mtoto aliyekuwa anatambaa anakuwa ameshafika umri wa kutumwa dukani.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya shujaa tu. Mimi kilichonishika zaidi ni kilichofuata. Wapasuaji wengine waliisoma habari hiyo nao wakajaribu. Mwaka 1900, mpasuaji wa London aitwaye Stanley Boyd alikusanya taarifa za wagonjwa 54 waliotolewa ovari kwa njia hiyo. Akakuta takribani theluthi moja tu ndio waliopata nafuu ya wazi. Hao wengine, theluthi mbili, walifunguliwa tumbo, wakapoteza uzazi, wakaingia ukomo wa hedhi kwa ghafla, na saratani ikaendelea kama vile hakuna kilichofanyika.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya mpasuaji wa mwaka 1900. Mbele yako wamelala akina mama watatu. Kwa macho uvimbe wao unafanana, umri unakaribiana, wote saratani imewarudia. Unajua upasuaji huu utamsaidia mmoja. Hujui ni yupi. Unafanyaje? Ukiwapasua wote, wawili unawaumiza bure. Ukiacha wote, mmoja unamnyima miaka minne ya kuwa na wanawe.

Sisi tunaosomea ualimu tunaijua hali hii kwa sura nyingine. Ukiwa kwenye mazoezi ya kufundisha unaingia na somo lako moja, darasa lina wanafunzi tisini, thelathini wanaelewa na sitini wanakutazama. Mwalimu mvivu atasema sitini ni vichwa maji. Mwingine atasema somo ni bovu, tulitupe. Swali lenye faida ni lingine: hawa thelathini wana nini ambacho wale sitini hawana? Ukilijua hilo, ndipo unaweza kupanga cha kuwafanyia wale sitini. Madaktari wa baada ya Beatson nao waligawanyika hivyohivyo. Wapo walioendelea kukata, wapo walioiona njia yake haina maana, na kwa miongo kadhaa hakuna aliyeweza kujibu kwa nini ni theluthi.

Beatson mwenyewe hakulijibu. Aliendelea na hospitali yake, akashiriki sana katika huduma ya kwanza na magari ya wagonjwa huko Uskoti, akaongoza kazi za Msalaba Mwekundu wa Uskoti wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akapewa cheo cha heshima cha Sir. Hakuoa. Mwaka 1923, huko Marekani, Edgar Allen na Edward Doisy walionesha uwepo wa kitu kinachotoka kwenye ovari ambacho leo tunakiita estrojeni. Beatson alikuwa bado hai, mzee wa miaka 75. Ile sauti ya ovari aliyoishuku kwenye tasnifu ilikuwa imeanza kupata jina. Alifariki mwaka 1933, na swali la theluthi bado liko wazi.

Jibu lilitoka Chicago. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mkemia Elwood Jensen na wenzake walitengeneza estrojeni yenye alama ya mnunurisho, yaani homoni ambayo unaweza kuifuatilia kila inakokwenda mwilini. Wakaipa panya wachanga wa kike. Homoni ilipita kila mahali na damu, lakini kwenye tishu chache, kama mji wa mimba, ilinaswa na kubaki. Kumbe kulikuwa na protini ndani ya seli za tishu hizo inayoidaka. Protini hiyo ndiyo kipokezi cha estrojeni. Fikiria kitasa na ufunguo: ufunguo unazunguka mji mzima, lakini unafungua tu mlango wenye kitasa chake.

Kisha wakageukia uvimbe wa saratani ya matiti wenyewe. Baadhi ulikuwa na kitasa hicho, mwingine haukuwa nacho. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imeonekana wazi kwamba wagonjwa ambao uvimbe wao hauna kipokezi ni nadra sana kunufaika na kuondolewa ovari. Waliokuwa na kipokezi, wengi wao walinufaika. Wale watatu wa mwaka 1900 sasa wangeweza kutofautishwa kabla ya kisu kugusa tumbo. Ilichukua zaidi ya miaka sabini kutoka taarifa ya Boyd.

Hiyo protini ndiyo kiashiria cha kwanza kikubwa cha saratani ya matiti, na bado ndiyo inayoongoza. Zilifuata nyingine. Kuna kipokezi cha homoni ya projesteroni. Kuna protini ya HER2: mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake, Marekani, walionesha kwamba uvimbe wenye nakala nyingi mno za jeni yake hurudi mapema zaidi na kuua zaidi, na mwaka 1998 ikaidhinishwa dawa inayoilenga protini hiyo moja kwa moja. Kuna na Ki-67, inayoonesha seli ngapi ziko mbioni kugawanyika.

Nilianza kumsoma Beatson kwa sababu ya herufi hizi. Mama mdogo wangu alifanyiwa upasuaji wa titi, na majibu ya maabara yalipotoka karatasi ikazunguka kwenye familia hadi ikanifikia mimi, kwa kuwa ndimi ninayeitwa msomi. Ilikuwa na ER, PR, HER2, na asilimia. Mimi nasomea ualimu, si udaktari, kwa hiyo nikaenda kuuliza wanaojua. Nikaelezwa kwamba ER ni kile kipokezi cha estrojeni, kwamba uvimbe wake ulikuwa nacho, na kwamba ndiyo sababu ameandikiwa kidonge cha tamoksifeni kila siku kwa miaka. Kidonge hicho huingia kwenye kitasa na kukaa humo, ufunguo halisi ukija unakosa nafasi. Ni wazo la Beatson, ila bila kufungua tumbo la mtu.

Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2011 ulionesha kwamba kwa wanawake wenye kipokezi, tamoksifeni ya miaka mitano hupunguza kurudi kwa saratani kwa karibu nusu katika miaka hiyo mitano, na faida huendelea hata baada ya kuacha kumeza. Kwa wasio na kipokezi, faida hiyo haipo au ni ndogo mno. Dawa ni ileile na kipimo cha kumeza ni kilekile. Tofauti yote iko kwenye protini moja.

Mama mdogo aliuliza swali ambalo kila mgonjwa huuliza: je, itarudi? Viashiria hivi havitoi jibu la ndiyo au hapana. Vinafanya kazi kama utabiri wa mvua: vinakuambia ujiandae vipi. Uvimbe usio na kipokezi, ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka michache ya mwanzo. Wenye kipokezi una subira. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliofuatilia wanawake 62,923 wenye kipokezi, waliomaliza miaka mitano ya dawa za homoni wakiwa hawana dalili za ugonjwa, ulikuta kwamba kati ya mwaka wa tano na wa ishirini saratani ilirudi sehemu nyingine za mwili kwa asilimia 10 hadi 41, kutegemea ukubwa wa uvimbe wa mwanzo na kama ulifika kwenye tezi za kwapani. Kwa hiyo mtu wa ER asidhani kwamba akivuka miaka mitano amefunga kitabu. Kidonge anachokiona hakina maana kwa vile anajisikia mzima, ndicho kinachofanya kazi.

Sasa tuje huku kwetu, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Kipimo hiki hakifanywi kwa damu. Kinafanywa kwenye kile kipande cha nyama kilichokatwa, na kipande hicho kinaharibika. Miongozo inataka kiwekwe kwenye formalini ndani ya saa moja tangu kikatwe, kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Kikichelewa, protini inaharibika, na maabara inaweza kuona kitasa hakipo wakati kilikuwepo. Mwanamke huyo ataandikiwa kuwa hana kipokezi na atanyimwa tamoksifeni, dawa ambayo iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Na yupo yule ambaye kipande chake hakikupimwa kabisa, kwa sababu familia iliambiwa kuna malipo ya ziada, wakapiga hesabu, wakaona upasuaji umeshafanyika, ya nini tena. Huyo amerudishwa mwaka 1900, kwenye kile chumba cha wagonjwa watatu wanaofanana kwa macho.

Kila Oktoba hapa chuoni tunavaa utepe wa waridi na kupiga picha. Sina ubaya na utepe. Ila wengi wetu ndio wasomi wa kwanza kwenye koo zetu, na karatasi zikitoka hospitali huletwa kwetu. Mama, shangazi au dada akikatwa uvimbe wa titi, usiishie kuuliza kama ni saratani. Uliza kipande kimehifadhiwaje, uliza ER, PR na HER2 zimepimwa na majibu yatatoka lini, na karatasi ile itunze kama unavyotunza cheti cha kidato cha sita, kwa sababu itahitajika hata baada ya miaka kumi. Kama pesa ya ukoo ni ya kuchangwa, kipimo hiki kiwe kwenye bajeti tangu kikao cha kwanza.

Beatson alifanya sehemu yake kwa kutazama wana-kondoo wakiachishwa ziwa na kutolipuuza alilolisikia kwa wafugaji. Yule mama wa miaka 33 alifanya yake kubwa zaidi: alikubali jambo ambalo mgonjwa mwingine hakuwahi kumtangulia, akiwa na watoto nyumbani, baada ya kuambiwa ukweli wote uliokuwepo. Hakuna kipimo ambacho kingemwambia yeye ni yupi kati ya wale watatu. Sisi tunacho, na kinaanza na chupa ya formalini na mtu wa kuuliza.